Meza Namba Kumi na Moja

Dada Mkubwa aliupokea mkono wa Msasa kama mtu anayekagua kitambaa kabla ya kukinunua. Aliugeuza kiganja juu, akapitisha kidole gumba kwenye sugu zilizojipanga chini ya vidole, kisha akaurudisha kwa mwenyewe.

"Mkono mgumu huu," alisema. "Kwa mtu anayekaa dukani."

"Shikamoo, wifi," Msasa alisema, maana hakujua aseme nini kingine.

"Marahaba. Ila wifi bado. Dada inatosha kwa leo."

Hapo hata ndani hawajaingia. Ilikuwa Jumapili, saa saba na nusu mchana, na walikuwa wamesimama mlangoni pa mgahawa ule ambao mji mzima ulikuwa ukiupapatikia tangu ufunguliwe. Pale meza haiwekwi kwa simu. Unapewa kibao cha plastiki chenye namba, unasimama juani na wenzako, mnasukumana kwa adabu mpaka muitwe. Wao walikuwa wameshasimama dakika arobaini, na Dada Mkubwa alivaa viatu virefu. Kwa hiyo tusimlaumu kwa yote. Lakini tusimtetee pia, kwa sababu hata angekalishwa kwenye kochi akapepewa, angekuja na nongwa yake vile vile.

Alikuja kumkagua Msasa. Kila mtu alilijua hilo, na Msasa alilijua kuliko wote. Mama yake alipofariki, Dada Mkubwa alikuwa na miaka kumi na tisa na mdogo wake Ramani, huyu mchumba wa Msasa, ana sita. Akamlea yeye. Akamsomesha kwa cherehani, akishona sare za shule mpaka macho yakawa yanamtoka machozi yenyewe, na leo ana duka lake la vitambaa na wasichana wanne chini yake. Wazee wa ukoo wao hawanyanyuki mpaka yeye aseme nyanyukeni. Jumamosi ijayo walikuwa waende kwa kina Msasa kujitambulisha na kupanga siku ya ndoa. Leo Dada Mkubwa akitikisa kichwa, Jumamosi haipo.

Msasa alikuwa na miaka ishirini na nane, na jina hilo alipewa karakana kwa baba yake. Tangu akiwa na miaka mitano alizurura na kipande cha msasa mkononi, akisugua kila alichokikuta, mpaka mlango wa jirani. Baba yake ni seremala. Vidole viwili vya mkono wa kushoto viliondoka na msumeno zamani, na kwa vinane vilivyobaki anatengeneza kabati ambalo droo yake ukiisukuma kwa pumzi inafunga. Kazi yote aliyonayo binti ameitoa kwenye mikono ile.

Na huyo Ramani? Ni mchora ramani za majengo, jina likamganda tangu chuo. Mwaka mmoja na nusu nyuma aliingia karakana akiwa na karatasi kubwa kwapani, anatafuta mtu wa kumtengenezea viti. Akakaa juu ya lundo la mbao na suruali yake nyeupe, akamtazama Msasa akipiga randa, akasahau alichokuja kuuliza. Kesho yake akarudi kukiuliza. Na kesho kutwa. Mzee akawa anakohoa kila akimwona, kile kikohozi cha mtu anayeficha kicheko. Mwezi wa tatu Ramani alikuwa anafagia maranda mwenyewe bila kuambiwa. Msasa alimpenda vibaya sana, tuseme ukweli. Akisikia tu gari lile linazimwa nje, randa ilikuwa inampotea njia.

Asubuhi hii, garini, Ramani alimwomba jambo moja tu, wasizungumzie kazi. Alisema dada yake hapendi habari za kazi mezani. Msasa akakubali. Na walipoitwa namba yao wakaingia, macho yakazoea mwanga wa ndani, akaelewa kwa nini. Au alidhani ameelewa.

Meza zilikuwa zao. Zote kumi na moja.

Miezi sita nyuma Ramani alileta kazi hiyo karakana. Alikuwa anachora mgahawa, anataka meza kumi na moja za mbao nzito. Baba na binti walizifanya kwa wiki tisa. Msasa hakuwahi kuziona zikiwa na watu. Sasa watu walikuwa wameziegemea kwa viwiko, wanapiga picha sahani juu yake, na mtoto mmoja alikuwa anafuatisha mistari ya mbao kwa kidole. Taa zilining'inia kwenye nyaya tupu kama vile fundi umeme aliacha kazi katikati, na muziki ulikuwa mkubwa mpaka watu wanaongea kwa nyusi. Msasa hakuyajali hayo. Moyo ulimjaa tele. Ramani anataka kuitoa mwenyewe hii habari, alijiambia. Ataigonga meza kwa kidole mbele ya dada yake na rafiki zake, aseme, hii ameifanya huyu. Akamtazama kwa jicho la shukrani. Ramani alikuwa anatazama simu.

Wakakalishwa meza ya katikati, ile ndefu, namba kumi na moja. Walikuwa watano. Mbali na hao watatu alikuwepo Bonge, rafiki wa Ramani tangu chuo, mtu wa benki, mwenye mwili na maneno kwa kiasi kile kile. Na alikuwepo mchumba wake Bonge, daktari wa meno, mwanamke mwembamba mwenye tabia ya kumtazama kila mtu mdomoni kabla ya kumtazama machoni. Bonge alimkaribisha shemeji yake, Msasa, kwa kumwonya kwamba hapa sahani ni kubwa ila chakula utakitafuta. Menyu haikuwepo. Unaelekeza simu kwenye stika, chakula kinajipanga kwenye kioo. Dada Mkubwa alikataa katakata, akamfanya mhudumu asimame amtajie vyakula vyote kimoja kimoja, na alipomaliza akaagiza cha kwanza.

Kisha akamgeukia Msasa.

"Kwa hiyo wewe unauza fanicha za nje."

Kabla Msasa hajafungua mdomo Ramani alishajibu. Ana duka zuri, dada, vitu vya nje vitupu, na wateja wenye majina yao. Alisema haraka haraka, kama mtu anayevuka barabara. Moyo wa Msasa ukamfanya paa. Akajituliza. Labda anazungusha, labda anautengeneza utani wake ili baadaye ukitoka utoke vizuri.

"Na baba yako ni mwanasheria," Dada Mkubwa aliendelea.

Hapo Msasa alihisi kama kiti kimevutwa. Mwanasheria ni mjomba wake, kaka wa mama yake. Ana nyumba yenye geti na ua mkubwa, na ni Ramani aliyeomba wageni wa Jumamosi wapokelewe huko. Karakana haina pa kuegesha magari, alisema, na vumbi la mbao litawakohoza wazee. Ilisikika kama busara. Baba alikubali bila neno. Alikwenda akanunua shati jipya, akaliacha ndani ya mfuko wake wa nailoni lisishike vumbi, akalitundika kwenye msumari juu ya benchi la kazi, na kila akipita analitupia jicho.

Sasa Msasa alijua ni nani angekalia kiti cha baba siku hiyo. Na mwenye shati angekaa wapi? Jikoni labda. Labda getini, akiwaelekeza madereva pa kuegesha.

Chini ya meza mkono wa Ramani ulishika goti lake, ukaminya. Haukuwa unabembeleza. Ulikuwa unaomba.

"Nasema baba yako ni mwanasheria," Dada Mkubwa alirudia. "Au nilisikia vibaya?"

"Ndiyo, dada," Msasa alisema. "Ni mwanasheria."

Lilimtoka. Akalisikia kwa masikio yake mwenyewe, akatamani kulirudisha mdomoni, lakini lilishatoka na mwenye kuuliza ameshalipokea. Ramani aliachia goti. Akamtazama, kwa mara ya kwanza tangu foleni, kwa macho yale yale ya siku ya lundo la mbao. Na Msasa, pamoja na aibu yote, bado alihisi moyo ukimlainikia. Ndivyo alivyokuwa amempenda. Usimcheke, kama hujawahi kupenda hivyo una bahati yako.

Chakula kikaja. Dada Mkubwa hakulegeza. Alitaka kujua duka liko mtaa gani. Alitaka kujua mbona muuza duka kucha zake fupi hivyo, na hilo kovu kidoleni ni la nini. Kila swali Ramani alilidaka hewani akalijibu yeye, na kila jibu lilikuwa uongo mpya uliokaa juu ya ule wa mwanzo. Msasa alikata kuku wake vipande vidogo vidogo na hakula hata kimoja. Daktari wa meno, ambaye alikuwa na huruma yake, akajaribu kugeuza mazungumzo. Akazisifia meza. Alisema tangu aketi anashindwa kuondoa mkono juu ya mbao hii.

Bonge akalipokea kwa mikono miwili. Meza hizi zimekuja na meli, alisema, Ramani mwenyewe alizifuatilia mpaka bandarini. Mafundi wa hapa hawawezi kitu kama hiki. Wa hapa ukimpa wiki mbili anakuletea mwezi wa nne, na akikuletea droo haifungi, na droo isipofunga anakwambia mbao imeshika baridi. Wote wakacheka, hata Dada Mkubwa akaachia nusu ya tabasamu.

Ramani alicheka pia. Hicho ndicho Msasa alichoshindwa kumeza. Uongo mtu anaweza kuusema kwa woga. Lakini kile kicheko hakikuwa na woga wowote, kilitoka tumboni.

Basi Dada Mkubwa akaegemeza kiwiko ili akate nyama. Meza ikaenda upande. Glasi ya juisi ikaondoka na kumwishia mapajani, kwenye gauni la rangi ya maziwa alilolishona mwenyewe kwa wiki nzima.

"Imekuja na meli," alisema, akijipangusa taratibu, "na inacheza."

Mhudumu alikuja mbio na karatasi iliyokunjwa ya kusukumia chini ya mguu. Aliomba radhi mara tano. Meza hii, alisema, inacheza tangu siku iliyofika, kila asubuhi wanaikunjia karatasi mpya. Msasa alisikia maneno hayo kama mama anayeambiwa mwanawe anakojoa kitandani ugenini. Meza ya baba yake inacheza? Tangu lini?

Na hapo mkono ukafanya kazi yake bila kumuuliza. Aliweka uma, akainama, akapeleka vidole kule juu ambako mguu unaingia kwenye fremu. Baba yake hatengenezi miguu inayofanana. Kila mguu anaulinganisha na mahali pake penyewe, kisha anachonga alama kwa patasi, mstari mmoja, miwili, mitatu, minne, na kwenye fremu anachonga mistari hiyo hiyo. Kidole cha Msasa kilihesabu mitatu kwenye mguu. Kikapanda kwenye fremu, kikahesabu miwili.

"Miguu imebadilishwa," alisema akiwa bado ameinama. "Waliifungua ili ipite mlangoni, wakarudisha wa tatu mahali pa wa pili. Karatasi haisaidii kitu. Ni kufungua bolti na kuirudisha, basi."

Alipoinuka hapakuwa na anayetafuna. Ramani alikuwa amefumba macho.

"Umejuaje, na hukutazama?" Dada Mkubwa aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, na kwa mara ya kwanza siku ile haikuwa na mwiba.

"Imechongwa mistari, dada. Kwa chini."

Dada Mkubwa hakuinama. Alichukua simu, akawasha tochi yake, akaipeleka chini ya meza akapiga picha. Akaigeuza kuelekea juu akapiga nyingine. Ramani akamwambia aachane na habari za meza, chakula kinapoa. Dada Mkubwa alivaa miwani, akaivuta picha kwa vidole viwili mpaka ikawa kubwa.

Msasa alijua anachokiona. Hakuna kitu kinachotoka kwenye karakana ile bila mzee kuandika upande wa chini kwa penseli, tarehe na walioifanya kazi. Hamwandikii mteja. Anasema anamwandikia fundi atakayekuja kuirekebisha baada ya miaka, ajue wa kumuuliza.

"Kuna mwandiko hapa," Dada Mkubwa alisema. Akasoma tarehe. Halafu akasoma, kila neno peke yake, "Mimi na binti yangu." Akainua macho juu ya miwani. "Binti gani huyu?"

Sasa hapo, msomaji, nataka na wewe uketi nao. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ramani alikuwa na mdomo, alikuwa na ulimi, na kushotoni kwake alikuwa na mwanamke ambaye dakika ile angemsamehe yote, duka, mjomba, meli, hata kile kicheko. Msasa alimgeukia mwili mzima. Alimtazama tu, macho yamejaa maji lakini bado ameyazuia, akimsubiri.

"Ni fundi mmoja mzee," Ramani alisema. "Meza zilikuja vipande, yeye alizifunga tu. Ana kibanda chake huko nyuma ya soko." Akanyanyua mabega. "Unawajua wazee, dada. Kwao kila msichana ni binti yangu."

Bonge alianza kucheka, akajikuta yuko peke yake, akaacha.

"Kuna mstari wa pili," Dada Mkubwa alisema.

Msasa hakujua kuna mstari wa pili. Haujawahi kuwepo, katika kabati lolote, kitanda chochote, tangu ajue kusoma. Dada Mkubwa aliisogeza simu karibu na uso, akaisogeza mbali, akasoma.

"Kazi ya mkwe."

Muziki uliendelea kupiga, watu wa meza za jirani waliendelea kupiga kelele zao, lakini Msasa alikuwa karakana. Alimwona baba yake jioni ile baada ya yeye kwenda kuoga, ameinama peke yake juu ya meza iliyogeuzwa miguu juu, na penseli anayoichomeka sikioni. Anaandika mstari wake wa siku zote. Anasita. Anaongeza maneno matatu. Wakati ule Ramani alikuwa hajatamka neno ndoa mbele yake hata mara moja. Mzee alikuwa ameshamwita mkwe, mahali ambapo alidhani hakuna atakayesoma.

"Na huyu mkwe ni nani?" Dada Mkubwa aliuliza. Hakumuuliza mdogo wake.

Msasa alichukua kitambaa, akafuta vumbi la chini ya meza kwenye vidole vyake, kimoja baada ya kingine.

"Alikuwa mdogo wako," alisema. "Huyo mzee ni baba yangu. Amenizaa na amenifundisha kazi, na meza zote unazoziona humu tumezifanya sisi wawili. Mwanasheria ni mjomba wangu. Uliponiuliza nilisema ndiyo. Hilo ni kosa langu mwenyewe, dada, na naomba unisamehe. Mengine muulize yeye."

Ukidhani Dada Mkubwa alimkumbatia, humjui. Uso haukulainika hata kidogo. Alimgeukia mdogo wake.

"Nimeshona sare miaka kumi na tano. Hawa rafiki zako umewaambia nilikuwa nafanya kazi gani?"

Ramani alitazama sahani. Bonge, akidhani anasaidia, akasema wao wote wanajua kwamba dada alikuwa mhasibu kwenye kampuni ya bima. Mchumba wake alimkanyaga mguu, akachelewa.

Dada Mkubwa alivua miwani, akaikunja, akaitia kwenye kisanduku chake. Alikifunga kisanduku mara mbili, maana mara ya kwanza hakikushika. Kisha akamtazama Msasa.

"Na wewe usinitazame kwa huruma. Umekaa hapa saa nzima unanidanganya usoni. Mimi sisahau upesi."

"Najua, dada," Msasa alisema. Akachukua mkoba wake, akaondoka.

Nje jua lilikuwa bado kali na foleni ilikuwa imefika mpaka kwenye kona. Hakufika mbali. Ramani alimkuta karibu na nguzo ya taa, kitambaa cha mezani bado kiko mkononi, na cha kwanza alichosema ni kwamba amemuumbua mbele ya dada yake.

Msasa alisimama. Alimsikiliza yote. Kwamba alifanya hivi kwa ajili yao wote wawili. Kwamba hajui dada yake alivyo, hajui yeye Ramani alivyohangaika kumtafutia jina kwa watu wa maana. Kwamba baada ya ndoa angesema kila kitu, polepole, kidogo kidogo, watu wangezoea. Alisema mpaka maneno yakamwishia. Kisha akamshika mkono, akaugeuza, akaweka kidole gumba kwenye zile sugu kama alivyozoea kufanya, na sauti ikabadilika.

"Mikono hii niliipenda kabla sijakujua jina."

"Najua," Msasa alisema, na sasa machozi yalimtoka bila ruhusa. "Uliipenda kule kwenye vumbi. Hapa mbele za watu uliificha chini ya meza."

"Nitakwenda kwa mzee leo hii. Nitapiga magoti, nitamwomba radhi."

"Nilikutazama, Ramani. Pale dada alipouliza. Uliniona nakutazama?"

Mtu mmoja kwenye foleni, mwenye kibao cha plastiki mkononi, alisogea akauliza kwa adabu kama wao ndio wanatoka, na kama meza yao imebaki wazi.

"Nilikuona," Ramani alisema.

"Basi."

Aliuvuta mkono wake. Alitamani amzuie, tusidanganyane. Alipiga hatua kumi akihesabu, mgongo wote unasikiliza kama kuna viatu vinamfuata. Alipofika kumi na tano aligeuka. Ramani alikuwa amesimama pale pale kwenye nguzo, anakunja kile kitambaa, anakikunjua, anatazama mlango wa mgahawa.

Simu ikalia mkobani. Alikuwa baba.

Mzee hakuwa mtu wa salamu ndefu. Alitaka kujua huyo dada mtu yukoje. Msasa akajifuta uso, akasema ni mkali. Mzee akasema mkali ni vizuri, mkali hakusengenyi pembeni. Akauliza chakula. Halafu akauliza alichopigia simu.

"Na meza? Umeziona?"

"Nimeziona, baba. Zote."

"Zinasimama?"

"Ya katikati inacheza. Walibadilisha wa pili na wa tatu."

"Nilisema mimi. Nilisema wasiifungue nisipokuwepo." Akaguna. "Mwambie mkwe apite achukue spana. Ni dakika tano tu."

Msasa aliegemea ukuta. Ulikuwa wa moto kwa jua.

"Hakuna mkwe, baba," alisema. Na kwa kuwa hilo halikuwa zito kuliko lote, akaongeza lililobaki, haraka, kabla hajaogopa. "Waliniuliza baba yangu ni nani. Nikamtaja mjomba."

Upande wa pili msumeno wa mtu ulikuwa unakata, ukaacha. Mzee alikohoa, na hakikuwa kile kikohozi cha kuficha kicheko. Msasa alimsikia akitembea, akasikia mfuko wa nailoni ukichakarika, ukatulia.

"Umekula?" baba aliuliza.

"Hapana."

"Njoo ule. Halafu Jumamosi si hatuna wageni? Nitalivaa hili shati, utanipeleka huko. Tutaingia wote kwa mlango wa mbele, nikaifunge ile miguu mwenyewe. Wakiuliza ni nani huyu, utawaambia?"

Foleni yote ilikuwa inamtazama. Msasa alijifuta pua kwa mgongo wa mkono, akasimama sawasawa.

"Ndiyo, baba," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye ile nguzo.